Mashuka Yasiyotiwa Wanga

Sogezeni viti, wanangu, mkae upande huu wa dirisha ambako naweza kuwaona bila kugeuza shingo, maana shingo nayo imeanza kunigomea kama viungo wenzake. Mkubwa wangu, iache hiyo pasi huko dukani uje ukae; hakuna nguo iliyowahi kufa kwa kungoja saa moja. Wewe kitinda mimba, najua umefunga leo siku ya tatu kwa ajili yangu na midomo imekukauka, basi kaa karibu na ukuta upate pa kuegemea. Na wewe binti yangu unayesimama hapo mlangoni na mkoba begani kama mtu anayesubiri gari, sikuambii uketi, kwa sababu sina haki ya kukuamuru neno lolote ndani ya nyumba hii mpaka nimalize kusema. Simama hapo hapo ukipenda, ila usiondoke. Ninaomba hilo tu, usiondoke kabla sijamaliza, hata kama nitapumzika katikati ukadhani nimekwisha.

Sasa ni asubuhi, jua limefika miguuni pa kitanda, kichwa changu ni chepesi na maumivu yamekaa pembeni kidogo, kwa sababu muuguzi alipopita alinipa ile dawa ya maji. Saa hii nimeichagua makusudi. Sitaki mtu aje kusema kwamba mzee aliongea akiwa amezidiwa. Kitinda mimba wangu ananitazama kwa jicho la huzuni, kwani yeye anaona kusema wosia ni kukikaribisha kifo sebuleni na kukiwekea kiti. Mwanangu, kifo hakingoji kukaribishwa. Daktari alinionyesha picha ya ini langu, akaanza kuzunguka na maneno ya upole, nikamwambia asijisumbue, madoa nayajua. Kuna doa linalotoka kwa sabuni, kuna linalotoka kwa limau na jua, na kuna lile ambalo limeshakuwa sehemu ya kitambaa, ukilisugua sana unatoboa nguo. Hili langu ni la tatu. Lisilo budi hutendwa, basi nisikilizeni mpaka mwisho.

Nianze na mepesi, kama tunavyoanza na soksi kabla ya makoti. Duka ni la mkubwa, na hilo halihitaji kikao. Ameshika pasi tangu kimo chake hakijafika mezani, tukamwekea kreti akapanda juu, na leo wateja wakinisifu kwa kola zao ninanyamaza tu nikijua ni mkono wake. Mkeo ndiye ajuaye nguo ya nani iko wapi, kwa hiyo usiamue jambo la duka bila yeye, utaumbuka. Nyumba ni ya wote watatu, lakini chumba cha nyuma, kile chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia, ni cha binti yangu, awe anakuja au haji, asiwekwe mpangaji humo wala magunia ya mkaa. Lile kabati la nguo zilizosahaulika msiliuzie wachuuzi. Mle kuna gauni la arusi ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua, kuna suti ya mwalimu aliyefariki kabla ya Jumamosi yake ya kuichukua kufika, kuna joho la kwaya lisilo na mwenyewe. Mtu akiacha nguo kwa dobi ameacha amana. Zipigeni jua mara moja kwa mwaka, na siku mwenye gauni akija, hata awe bibi kizee, apewe bila kuulizwa maswali ya umbea.

Halafu nendeni kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Mnajua kwamba miaka kumi na minne hatujasalimiana kwa ajili ya ile suruali ya kijivu aliyoshona yeye, nikainyoosha mimi, ikaungua gotini. Nilitangaza mtaa mzima kwamba kitambaa chake kilikuwa cha ovyo. Nilisema uongo. Niliiacha pasi juu ya suruali ya watu nikatoka kuchungulia ugomvi wa wapangaji wa nyumba ya pili, na ugomvi ukawa mtamu, nikasahau. Kitambaa kile kilikuwa kizuri kuliko vyote alivyowahi kukata. Mwambieni hivyo, kwa maneno haya haya, na wewe mkubwa usiyapunguze kwa aibu. Akitukana mvumilieni, ana haki ya matusi ya miaka kumi na minne. Akicheka, mleteni hapa kama bado nipo.

Haya, mmecheka. Nashukuru, maana nakokwenda sasa ni kuzito, na nilitaka tufike huko tukiwa tumecheka pamoja.

Mtaa wote uliniita Mzee Mstari kwa sababu ya mstari wa suruali zangu. Walisema unaweza kukatia nyanya. Suruali ilikuwa kazi tu, lakini fahari yangu ilikuwa mashuka. Niliyatia wanga nilioupika mwenyewe, nikauchuja mara mbili, nikayapiga pasi yakiwa na unyevu kidogo, mpaka shuka langu ukilikunja linasimama lenyewe mezani kama kitabu. Nyinyi watatu niliwafundisha kulikunja kabla ya kuwafundisha kuhesabu. Shuka halikunjwi na mtu mmoja, akijaribu peke yake linaburuta chini. Wawili wanashika ncha, wanatembea kuelekeana, mmoja anampokeza mwenzake, na anayepokea husema, 'Nimeshika,' ndipo mwenzake huachia. Ukiachia kabla hujasikia neno hilo, shuka liko sakafuni na kazi inarudi kwenye beseni. Mlikuwa mnacheka mkilisema, mnalisema hata mkipokezana kikombe cha chai, mama yenu akawa naye ameambukizwa.

Mama yenu, Mungu amrehemu, aliugulia kwenye kitanda hiki hiki. Huu ni mwaka wa tisa. Ugonjwa ulimla kutoka mifupani, taratibu, na mimi niliyekuwa na jibu la kila doa nikabaki nimekodoa macho. Sikujua kupika uji wa mgonjwa. Sikujua kuimba. Kukaa tu nimshike mkono, bila kazi vidoleni mwangu, nilishindwa kabisa. Nilijua kufua na kunyoosha, basi nikasema huyu mwanamke atalala kama malkia, na kila siku akapata mashuka mapya yaliyotiwa wanga, nami nikauzidisha wanga kuliko ninaowatilia mahakimu. Na kuna siri iliyo chini ya hiyo. Nilijiambia kwamba kitanda kilichonyooka vile hakiwezi kuwa kitanda cha mtu anayekufa. Nilidhani kifo huja kwenye mashuka yaliyofinyangika, na kwamba nikiyanyoosha vya kutosha kitapita kitafute nyumba nyingine. Hiyo niliiita imani. Niliisema hata kanisani, watu wakaitikia amina.

Huyu binti yenu, namaanisha binti yangu, samahani, ulimi unateleza, huyu alikuwa analala chini kwenye mkeka kando ya mama yake. Yeye ndiye aliyemgeuza, yeye ndiye aliyempaka mafuta mgongoni. Akaona nisichokiona mimi: ngozi ya mama yenu ilikuwa imekuwa kama ganda la kitunguu, na mashuka yangu yalikuwa yanaichuna, kisigino, nyonga, mfupa wa bega. Akanijia kwa adabu, akaniambia, 'Baba, mashuka haya yanamuumiza mama.' Nikamjibu kwamba sikufanya udobi miaka arobaini ili nije nifundishwe shuka na mtoto niliyemfulia nepi.

Hakubishana. Alichofanya ni hiki, na nataka ndugu zake wakisikie sawasawa kutoka kinywani mwangu, kwa sababu wakati ule nilikisimulia kwa kupindapinda. Nilikuwa nikiacha mashuka yamekunjwa mezani jioni, na yeye alfajiri, kabla sijaamka, anayaloweka kwenye maji matupu mpaka wanga wote utoke, anayakamua, anayapigapiga kwa mikono yalainike, anayaanika, na jua likitoka anamtandikia mama yake. Mimi mchana nikija namkuta mgonjwa amelalia laini, nadhani ni joto la mwili limelegeza wanga, naongeza tena. Siku moja nikaamka mapema. Nikatoka uani nikakuta kazi yangu inaning'inia kwenye kamba imelegea kama majani ya maboga, maji yanachuruzika, na jirani anaangalia.

Ningeweza kuuliza swali moja. Badala yake niliona mtu anayenivunjia heshima mbele ya mtaa, mtu anayemtakia mama yake kitanda cha maiti. Maneno niliyomwambia sitayarudia. Wanasema ulimi hauna mfupa, lakini wangu siku ile ulikuwa na meno. Nikamwambia achukue mkoba wake atoke, asionekane hapa mpaka mama yake apone, ndipo aje kuona aibu yake. Akatoka. Nadhani ni mkoba huo huo ulio begani mwake sasa. Mkubwa, wewe ulikuwa unatia mkaa kwenye pasi ukainamisha kichwa, na alipokupita hukumwangalia. Tangu hapo hamjazungumza, kila mmoja anasubiri mwenzake aanze. Lawama ya kuinama kwako naichukua mimi, kwa sababu nilikulea uniogope.

Nipeni maji. Kidogo tu, kwa kijiko.

Mama yenu aliishi siku kumi na moja baada ya pale. Kila siku aliniuliza mtoto yuko wapi, na kila siku nikamwambia, 'Kesho.' Siku ya kumi alinishika mkono akasema, 'Mashuka yako ni mazuri, baba watoto. Lakini mwite mtoto wangu.' Nikamwambia kesho. Aliposhindwa kusema nilimbadilishia shuka, nikalivuta pembe zote nne hata panya asingepata pa kujificha, nikasimama mlangoni nikalitazama, na nilijisifu. Mungu anisamehe, mke wangu anakata roho na mimi najisifu kwa shuka. Siku ya mazishi binti yangu alisimama nyuma ya watu wote, karibu na geti. Nilimwona. Nikafumba macho watu wadhani nasali.

Basi huo ndio wosia wenyewe, hayo ya duka na kabati yalikuwa utangulizi tu. Lakini ngojeni mjue jinsi nilivyofumbuliwa macho, kwa sababu sikufumbuliwa na mahubiri, na wala sijawa mwema ghafla kwa uzee. Wiki tatu zilizopita niliposhindwa kuinuka, mkubwa wangu kwa mapenzi yake alinitandikia. Alipika wanga kwa mkono wake, akauchuja mara mbili, akanyoosha, akatandika na pembe zake kama bahasha, akaniambia, 'Baba, leo unalala kwa heshima.' Nikamshukuru. Na kabla jua halijazama nikahisi mkunjo ukinichuna nyonga. Kesho yake kisigino. Siku ya tatu nililala sijigeuzi, naogopa shuka kama mtu aogopavyo siafu, na machozi yananitoka, si ya maumivu. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi kitanda nilikitandika karibu miaka hamsini, nikawatandikia watu mpaka hospitalini, lakini juu ya wanga wangu sikuwahi kulala mgonjwa hata siku moja.

Na nilimficha mkubwa siku nne. Hapo ndipo nilipomwelewa mama yenu, kwa nini hakusema kitu. Mtu anapokuletea mapenzi yake mikononi, amehangaika nayo jikoni tangu asubuhi, unamwambiaje kwamba yanakuchuna? Unasema ni mazuri. Unasema ahsante, halafu unaomba uitiwe yule mwingine, yule wa maji matupu. Mkubwa, usilie. Wewe umefanya kama ulivyofundishwa, kosa ni la mwalimu, na siku ya nne ulipouliza kwa nini sijigeuzi ukakubali jibu siku hiyo hiyo. Mimi sikukubali mpaka nilipolala mwenyewe.

Sasa wewe, kitinda mimba wangu. Watu wanakuita Mtumishi na ninafurahi, sikudharau. Wewe ndiye uliyepanda gari ukamfuata dada yako, na nimejua kumbe miaka yote hii ulikuwa unamtembelea kimya kimya, nikaona aibu na nikamshukuru Mungu kwa pamoja. Lakini sikiliza jambo moja kutoka kwa mtu aliye kitandani. Waombaji wa wakati ule walimzunguka mama yako wakamwambia ugonjwa ni uongo, ukiamini utasimama. Walipoondoka nilimsikia ananong'ona, nikasogeza sikio. Alikuwa anamwomba Mungu radhi. Anaomba radhi kwa kuumwa, kwa kuwaaibisha watu wa imani, mwanamke aliyekuwa akiwashonea watu vifungo bure miaka yote. Nimelibeba neno hilo mpaka leo na ni zito kuliko hili ini.

Basi usimfanyie mtu yeyote hivyo. Ukienda kwa mgonjwa, kwanza muulize anaumwa wapi, halafu mgeuze, halafu mpe maji, halafu ndipo uombe, maana hapo utakuwa unamjua unayemwombea. Bwana wetu mwenyewe kule bustanini aliomba kikombe kimwepuke na hakikumwepuka, na hatujasikia mtu akisema alipungukiwa imani. Mimi sijui kwa nini watu wanaumwa. Nilikuwa na majibu, yote yameisha, kama sabuni inavyoishia mkononi. Nililogundua ni kwamba nilipolazwa juu ya wanga wangu nikakuta kuna mtu amelala hapo kabla yangu. Mama yenu alilala hapo. Na Yule aliyelazwa juu ya mbao tupu, bila shuka la aina yoyote, naye alikuwa hapo, hakunilaumu, hakunieleza kitu, alikuwepo tu kama mtu aliyekaa nawe hospitali mkisubiri jina liitwe. Nilimwogopa maisha yangu yote kama mteja mkali. Safari hii sikumwogopa.

Unaomba nipone. Nimepona kidogo, mwanangu, siku ile nilipowaambia mkamtafute dada yenu. Kuna jipu la miaka tisa lilitumbuka na nikalala usingizi wa mtoto. Endelea kuomba, ini likisikia na lisikie, sitakataa. Ila leo ukitoka hapa ukale. Mfungo huu umetosha, uji upo jikoni, na mimi baba yako ninataka kukusikia ukitafuna kitu.

Mpumzike kidogo. Nami nipumzike.

Bado nipo. Nilikuwa nafikiri juu ya lile jambo la kaburini, mnakumbuka? Siku mchungaji alipolisoma nilikaribia kupiga makofi katikati ya ibada, mama yenu akanifinya paja. Kwamba walipoingia walikuta nguo za maziko zimeachwa, na kile kitambaa cha kichwani kimekunjwa, kimewekwa mahali pake. Nikamwambia mama yenu, umeona, amefufuka, dunia nzima inamsubiri, na bado amekaa akakunja. Huyo ni mtu wa kazi yetu. Mama yenu akasema labda hakukunja peke yake, labda malaika alimshikia ncha. Nilimwambia anakufuru. Sasa naona alikuwa na haki, nitamwambia nikimkuta, ni moja ya mambo mengi ninayopaswa kumwambia, na la kwanza ni lile la kesho.

Binti yangu. Sikuombi usahau. Maji yakimwagika hayazoleki, na siku kumi na moja za mama yako sina duka la kuzinunua. Ulikuwa sahihi na mimi nilikosa. Ulimwona mama yako, na mimi nilikuwa naona mashuka. Nimelisema mbele ya ndugu zako, na nitalisema mbele ya wazee wa kanisa wakija leo mchana, na mkubwa atalisema kwa yule jirani aliyechungulia, kama bado ana macho. Usiponisamehe leo, haki yako, nisamehe hata nikiwa sipo, mimi nitakuwa nasubiri, kwa kungoja huko sijambo. Ile pasi ya mkaa yenye jogoo wa shaba kwenye komeo ni yako. Si kwa sababu ya kunyoosha. Mama yako aliinunua kwa pesa ya vifungo, enzi hajaanza kuvishona bure, mwaka tulioanza duka, na aliniambia mapema kwamba itakwenda kwa mtoto mwenye mkono mwepesi. Nilidhani anamsema mkubwa.

Sasa maagizo, na sauti yangu mnaisikia ilivyo, basi msogee. Muuguzi akiacha dawa, nipeni ninapoomba, msingoje nilie. Asiwepo wa kusema nivumilie kwa utukufu. Nimevumilia vya kutosha na utukufu una wenyewe. Nikifa, nivisheni shati langu jeupe, lifuliwe kwa maji matupu, lisipigwe pasi. Watu watacheka, watasema Mzee Mstari amezikwa na makunyanzi. Waacheni wacheke. Kanisani uimbwe wimbo ule mama yenu alioupenda, na asisimame mtu kuniita mtu wa imani kubwa.

Na hili la mwisho lifanyike sasa hivi, mbele ya macho yangu. Hili shuka nililolalia, mkubwa alilikosha, ni kweli, lakini wanga haujatoka wote, bado nausikia kwenye nyonga. Kwenye sanduku la mama yenu, chini kabisa, kuna shuka la maua, maua yenyewe yamefifia hayaonekani. Alikuja nalo siku tuliyooana. Alinikataza kulitia wanga. Miaka yote ile alinikataza, na mimi dobi mzima sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mtumishi, lilete. Taratibu, ni la kale.

Mkubwa, shika ncha huko. Hapana, wewe huwezi peke yako, acha kujaribu, linaburuta. Nani atashika upande wa pili? Mimi siwezi kumwamuru mtu. Nilisema siwezi.

Nasikia kitu kimewekwa chini. Ni mkoba?

Haya. Likung'uteni kwanza, kisha mlikunje, nikigeuzwa mlikunjulie chini yangu. Hivyo. Harufu yake, mnaisikia, ni ya sanduku lake. Sasa tembeeni, msitazame chini, mtazamane, shuka linajua njia. Hatua moja. Mkubwa, ndiye dada yako huyo, hana jipya, ana mvi mbili tatu. Nyingine. Mpokeze. Na useme, binti, usipolisema hawezi kuachia.

Amesema. Nimesikia. Mkubwa, sasa unaweza kulia, mimi pia nalia.

Mungu wa mama yenu awape mikono milaini. Awape masikio ya kusikia mgonjwa asiposema. Milango yenu isifungwe na hasira. Watoto wenu wawaambie mnapokosea, nanyi mketi msikilize. Mkunjiane mashuka... mpaka mzeeke. Baraka yangu... sina nyingine... ni hiyo.

Njooni mnigeuze sasa. Mkubwa huku, Mtumishi miguuni. Nani ananishika bega? Mkono mwepesi huu naujua. Naogopa kuanguka, mwanangu, ni upuuzi, kitanda ni kifupi, lakini naogopa. Umesema nini? Sikio hili halisikii vizuri. Rudia.

'Nimeshika, baba.'

Haya. Basi, naachia.